Asilimia iliyoandikwa kwenye kopo la dawa ya mitishamba: imepimwaje?

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari zenu.

Kazi yangu ni kupima dawa za mitishamba maabara kabla hazijaruhusiwa kumfikia mtumiaji. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "hii ina asilimia ngapi?" Ni nadra mtu kuuliza asilimia hiyo imepatikanaje. Nimeleta uzi huu kwa sababu naamini swali hili la pili ndilo linalomlinda mgonjwa. Ni mrefu, naomba mnivumilie.

Tuanze na sababu ya kupima. Kiasi cha kemikali ndani ya mmea hubadilika kwa aina, umri, udongo, msimu, sehemu iliyochumwa na namna ilivyokaushwa. William Withering, daktari wa Kiingereza aliyetibu wagonjwa kwa mmea wa Digitalis, aliliona hilo mapema. Katika maandishi yake ya mwaka 1785 alieleza kwamba nguvu ya mmea hubadilika kwa msimu, akachagua majani, tena yachumwe wakati maua yanaanza kutoka. Hakuwa na kipimo cha kemikali. Mwanzoni mwa karne ya 20 bado nguvu ya majani hayo ilikuwa inapimwa kwa kuwadunga vyura na paka, kwa sababu dozi inayotibu moyo na dozi inayoua zimekaribiana mno.

Mfano wa pili ni mti wa Cinchona, unaotoa kwinini. Kwinini ilitenganishwa na magome yake mwaka 1820 na Wafaransa Pelletier na Caventou, na tangu hapo gome likawa na kipimo. Waholanzi walipanda huko Java miti zaidi ya milioni moja ya aina ambayo baadaye vipimo vilionyesha ina kwinini kidogo mno. Mwaka 1865 Charles Ledger alipata mbegu kutoka Bolivia, zilizokusanywa na Manuel Incra Mamani, na Waholanzi wakanunua sehemu yake. Miti iliyoota ilipopimwa, magome yake yalikuwa na kwinini kati ya asilimia 8 na 13. Kwa macho, gome ni gome. Kipimo ndicho kilichoamua mti upi ubaki shambani.

Sasa nije kwenye tatizo lenyewe. Vipimo vingi vya bei nafuu hutegemea rangi. Unachukua dondoo la mmea, unaongeza kitendanishi, rangi inatokea, unaisoma kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na rangi hiyo. Kitendanishi cha Folin-Ciocalteu hutoa rangi ya buluu, na jibu huandikwa "jumla ya fenoli, kwa kulinganisha na asidi ya galiki". Lakini kitendanishi hicho huitikia pia vitamini C na baadhi ya sukari. Kloridi ya alumini nayo hutumika kwa flavonoidi (kundi la kemikali za mimea), na jibu huandikwa kwa kulinganisha na kwesetini, mojawapo ya flavonoidi, hata kama mmea wenyewe hauna kwesetini ya maana. Ni sawa na kulipima gunia bila kulifungua: uzito umeupata, kilichomo hukijui.

Dunia imeshalipia kosa la namna hii upande wa chakula. Mwaka 2008 nchini China, maziwa ya watoto yaliongezwa melamini. Protini ilikuwa inakadiriwa kwa kupima nitrojeni, melamini ina nitrojeni nyingi, basi maziwa yaliyotiwa maji yakapita kipimo. Watoto karibu laki tatu waliugua, na wapo waliofariki. Kipimo kilisoma sawasawa. Kilikuwa kinasoma kitu kingine.

Kwenye mitishamba, mfano wa wazi ni dondoo la mti wa Ginkgo. Famakopia ya Ulaya, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inataka liwe na flavonoidi asilimia 22 hadi 27. Kipimo chake huanza kwa kuchemsha dondoo na asidi ili sukari zilizoshikamana na flavonoidi zikatike, kisha hupimwa molekuli tatu zinazobaki: kwesetini, kemferoli na isoramnetini. Walaghai wakagundua kwamba ukiongeza rutini, flavonoidi yenye sukari ambayo ni rahisi kupatikana, asidi itaigeuza kuwa kwesetini na jumla itapanda vizuri tu. Kopo linasema asilimia 24, maabara inasema asilimia 24, na ndani yake Ginkgo ni kidogo. Ukipitisha dondoo hilohilo kwenye kromatografia (njia ya kutenganisha kemikali, kila moja ikichorwa kama kilele) bila kulichemsha na asidi, kilele cha rutini kinasimama juu kupita kiasi, na ulaghai unaonekana bila darubini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: asilimia isiyoambatana na utambulisho wa mmea na njia iliyotenganisha kemikali moja na nyingine haifai kuaminiwa. Kila mtengenezaji anayeandika asilimia kwenye kopo aweze kuonyesha pia kromatogramu yake, yaani mchoro wa vilele hivyo.

Karibuni tujadili.

#2 Mwanafunzi wa kemia

Asante sana mkuu, uzi wa maana. Sisi wengine maabara zetu zina spektrofotomita tu. HPLC, mashine ya kromatografia, ipo lakini imeharibika muda mrefu. Je, tufunge virago? Halafu naomba ufafanue kidogo kromatografia kwa wasioijua.

#3 Mleta uzi

Msifunge virago. Nianze na ufafanuzi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, alimimina dondoo la majani kwenye mrija uliojazwa unga wa chaki, kisha akaongeza kiyeyushi. Rangi za majani zikajitenga tabaka kwa tabaka, kijani na njano kila moja mahali pake, kwa sababu kila kemikali inang'ang'ania chaki kwa nguvu tofauti. HPLC ni wazo hilohilo: pampu inasukuma kiyeyushi kwa mgandamizo mkubwa ndani ya safu iliyojaa chembe ndogo sana, kila kemikali inatoka kwa wakati wake, kigunduzi kinaiandika kama kilele. Wakati wa kutoka husaidia kutambua ni nani, eneo la kilele linakuambia ni kiasi gani, mradi umelilinganisha na kemikali rejea yenye usafi unaojulikana.

Sasa, ndugu yangu mwenye spektrofotomita: tafuta sahani za TLC, yaani kromatografia ya tabaka jembamba. Ni vipande vya kioo au alumini vilivyopakwa silika. Unaweka tone la dondoo lako, pembeni yake tone la mmea halisi uliothibitishwa na mtaalamu wa mimea, na tone la kemikali rejea. Unasimamisha sahani kwenye kiyeyushi, unaikausha, unaitazama chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 254 na 366, kisha unanyunyizia kitendanishi kama anisaldehidi na kuipasha moto. Ukiona safu ya madoa inafanana na ya mmea halisi, ndipo kipimo chako cha rangi kinaanza kuwa na maana. Pasipo sahani hiyo, usitoe cheti.

Chukua manjano. Kurkumini hufyonza mwanga kwa nguvu karibu na nanomita 425, kwa hiyo spektrofotomita inaisoma vizuri. Ila rangi ya viwandani iitwayo metanili, ambayo imewahi kukutwa kwenye unga wa manjano, nayo ni ya njano na inasoma eneo hilohilo. Kwenye TLC, manjano halisi huonyesha madoa matatu: kurkumini na ndugu zake wawili. Doa la nne la njano likitokea, simama. Na ukikuta kurkumini peke yake, ndugu zake hawapo kabisa, shuku kwamba imetengenezwa kiwandani na si mmea uliousaga. (Kromati ya risasi, uchafu mwingine unaotiwa kwenye manjano, haiyeyuki kwenye alkoholi na haitaonekana hapa. Hiyo ina kipimo chake cha metali.)

#4 Mtengenezaji wa dawa

Mimi nipo upande wa pili, naomba nitetee wenzangu kidogo. Nilipeleka majani ya bechi moja kwenye maabara mbili. Moja ikasema asilimia 1.76, nyingine asilimia 2.0. Nimuamini nani? Mnatuambia tuonyeshe kromatogramu, na nyie wenyewe hamuelewani.

#5 Mleta uzi

Lawama yako ina msingi mkuu, na nimefurahi umeleta namba. Kabla ya yote, uliza kila maabara: mmehesabu kwa uzito wa majani yalivyokuja, au kwa uzito wa majani makavu kabisa? Majani yako yakiwa na unyevu wa asilimia 12, basi asilimia 1.76 ya majani yalivyo ni sawa kabisa na asilimia 2.0 ya majani makavu. Gawanya 1.76 kwa 0.88 uone. Inawezekana maabara zote mbili zimepima vizuri na hakuna aliyekuambia msingi wa hesabu.

Kama si hilo, angalia sampuli. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa hili: mzigo wa vifurushi 5 au pungufu, chukua kutoka kila kimoja, vifurushi 6 hadi 50, chukua kutoka vitano, zaidi ya 50, chukua kutoka asilimia 10 ya vifurushi. Kila unachofungua, toa sehemu ya juu, ya kati na ya chini. Majani yaliyosagika hushuka chini na vijiti hubaki juu, kwa hiyo mkono mmoja wa majani ya juu hausemi habari ya gunia zima. Changanya, tandaza, gawa mara nne, chukua robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka upate kiasi unachohitaji.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye ukamuaji, na hapa kwa maoni yangu ndipo makosa mengi ya kweli yanapozaliwa. Mashine inapima kilichoingia kwenye kiyeyushi. Kilichobaki kwenye makapi haikijui. Njia ya kujihakikishia ni rahisi: chukua makapi, kamua tena kwa kiyeyushi kipya, pima. Kama mkamuo wa pili bado una kiasi cha maana, wa kwanza haukukamilika. Kisha fanya jaribio la urejeshaji: ongeza kiasi unachokijua cha kemikali rejea kwenye unga wa mmea kabla ya kukamua, uone umerudishiwa kiasi gani. Ukiongeza miligramu 10 ukarudishiwa 7, njia yako inapoteza, na hakuna mashine ya gharama itakayokuokoa.

Yapo mimea ambayo ukamuaji wenyewe huunda au huua unachokitafuta. Kitunguu saumu kizima hakina alisini. Kina aliini, na kimeng'enya kilichokaa chumba kingine cha seli. Ukiponda, viwili vinakutana na alisini inazaliwa papo hapo. Ukipasha moto kwanza, kimeng'enya kinakufa na alisini haizaliwi. Ndiyo maana famakopia ya Ulaya inapodai unga wa kitunguu saumu utoe alisini isiyopungua asilimia 0.45, inabidi njia ya kupima iache unga ukutane na maji kwa utaratibu maalumu kwanza. Maabara mbili zikitofautiana hatua hiyo, zitatofautiana jibu, na zote zitaapa mashine yao ni nzima.

Artemisinini ya mmea wa Artemisia annua ina ugumu wa aina mbili. Haipendi joto, Tu Youyou na wenzake walifanikiwa miaka ya 1970 walipoacha kuchemsha na kutumia etha kwenye joto la chini, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tena haifyonzi mwanga wa urujuanimno vya kutosha, kwa hiyo kigunduzi cha kawaida cha HPLC hakiioni vizuri. Lazima uibadilishe kikemikali kwanza au utumie kigunduzi kingine, kama spektromita ya masi. Majani makavu yanaweza kuwa nayo kidogo kisichofika sehemu ya kumi ya asilimia, mengine yakapita asilimia 1. Mtu anayepika chai ya majani hayo hana namna ya kujua amekunywa kiasi gani, na hiyo ni sababu mojawapo ya Shirika la Afya Duniani kutokubali majani yenyewe yatumike kutibu malaria. Dozi pungufu humwacha mgonjwa na vimelea, na inaweza kuvizoesha dawa.

#6 Mfamasia

Naunga mkono mengi, ila napingana na wewe sehemu moja. Unaongea kana kwamba kila mmea una kemikali moja inayofanya kazi na sisi tunaijua. Mimea mingi hatujui kinachotibu ni nini. Sasa unapima nini?

#7 Mleta uzi

Hoja nzito, na sitaki kuizunguka.

Wataalamu hutofautisha makundi. Kuna mimea ambayo kiambato kinachotibu kinajulikana, kama senosidi za sena: hapo unapima kiambato na unarekebisha dozi kwa kiasi chake. Kuna mimea ambayo kiambato fulani kinachangia lakini si peke yake, kama Ginkgo. Na kuna ambayo tunachagua kemikali ya kielelezo tu, ya kutusaidia kujua mmea ni wenyewe na uzalishaji haujayumba. Kundi hili la tatu, ni kosa kumwambia mgonjwa kwamba kielelezo kikizidi basi dawa ni kali zaidi.

Mmea wa Hypericum perforatum unaotumika kwa huzuni ya wastani ulipitia hayo. Kwa miaka mingi bidhaa ziliandikwa asilimia 0.3 ya hiperisini, kwa kuwa hiperisini ni nyekundu na rahisi kuisoma. Baadaye utafiti ukaelekea kwenye hiperforini, ambayo hiperisini haikuambii lolote kuihusu. Na hiperforini ndiyo inayochochea ini kuvunja haraka dawa nyingine: vidonge vya uzazi wa mpango, siklosporini ya waliopandikizwa viungo, baadhi ya dawa za VVU. Bidhaa mbili zenye hiperisini sawa zinaweza kuwa na hatari tofauti kabisa kwa mgonjwa. Kwa hiyo naam, unaweza kupima kwa usahihi mkubwa kitu kisichohusika.

Ninachofanya pale tusipojua kinachotibu ni kuangalia alama ya vidole ya mmea mzima, yaani mpangilio wote wa vilele, na kulinganisha kila bechi na bechi iliyotumika kwenye majaribio ya tiba au yenye historia nzuri ya matumizi. Juu ya hapo nachagua vielelezo viwili au vitatu ambavyo ni vya mmea huo. Asidi ya galiki, kwesetini na asidi ya klorojeni zimejaa kwenye mimea mingi mno. Ukizitumia kama kielelezo, hujatambulisha chochote. Kwenye dawa ya mchanganyiko wa mimea mitano tatizo linazidi, kwa sababu kila mmea unahitaji kielelezo ambacho wale wanne wengine hawana.

Vipo pia vipimo vya zamani visivyohitaji kujua molekuli: ukali wa uchungu ukilinganishwa na kwinini, kiasi ambacho mbegu zenye utelezi huvimba ndani ya maji, urefu wa povu kwa mimea yenye saponini, ujazo wa mafuta yanayopatikana kwa kukenekesha. Maabara nyingi zimevisahau. Mimi naviheshimu, maana vinapima tabia yenyewe unayoitafuta.

#8 Tabibu wa tiba asili

Wanangu, nimewasoma. Kazi hii nimerithishwa na wazee wangu na mmea naujua kwa jani, harufu na ladha. Mnaposema utambulisho, mnamaanisha sisi hatuutambui?

#9 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Hapana, kinyume chake. Mtu anayeuona mmea mzima ukiwa na maua ana uwezo ambao mashine zangu hazina. Hofu yangu inaanza pale mmea unapokauka, ukakatwa vipande, ukapita mikono ya watu ambao hawakuuona umesimama.

Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walipewa vidonge vya kupunguza unene. Ilipaswa kuwemo mzizi wa Stephania tetrandra. Kwa majina ya Kichina yanayofanana, ukaingia mzizi wa Aristolochia fangchi. Zaidi ya watu mia moja waliharibikiwa figo, na wengine baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. TLC rahisi kabisa, ikitafuta asidi ya aristoloki, ingeukamata mzigo ule mlangoni. Kwa mimea yenye sumu kama hiyo hatutafuti kiwango cha chini, tunataka isionekane kabisa. Mingine ina kikomo cha juu: kwenye dondoo la Ginkgo nililolitaja, asidi za ginkgo hazitakiwi kuzidi sehemu 5 kwa milioni kwa sababu huamsha mzio.

Ombi langu kwako mzee: unapochuma, bana tawi lenye jani na ua kwenye karatasi, likauke, andika tarehe, mahali na sehemu uliyotumia, na uhifadhi. Siku maabara ikihitaji mmea halisi wa kulinganisha, tawi hilo ndilo rejea yetu.

#10 Mtengenezaji wa dawa

Nimeelewa hesabu ya unyevu, nitawauliza. La mwisho: nikipata cheti cha maabara, nitazame nini zaidi ya asilimia?

#11 Mleta uzi

Jina la kisayansi la mmea na sehemu yake, na walivyoutambua. Jina la kemikali iliyopimwa. Wakikuandikia "viambato hai asilimia 20" bila kutaja ni vipi, kirudishe. Njia iliyotumika, na kama ni ya famakopia ipi. Kama ni njia yao wenyewe, omba matokeo ya uthibitishaji wake: je, inatenganisha, inarejesha kiasi gani, ikirudiwa inatoa jibu lilelile? Msingi wa hesabu, kavu au kama ilivyo. Kemikali rejea imetoka wapi na usafi wake. Kromatogramu yenyewe, ya sampuli na ya rejea, zikiwa kwenye ukurasa mmoja.

Na kromatogramu hiyo usiangalie kilele kimoja tu. Dawa za viwandani kama deksamethasoni, sibutramini na sildenafili zimekutwa mara nyingi ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba mitupu, na kipimo cha kielelezo peke yake hakiwezi kuziona. Kilele kikubwa ambacho mmea halisi hauna, waulize ni nini, kwa maandishi.

Halafu hifadhi sampuli ya kila bechi na uipime tena muda wa matumizi unapokaribia kwisha. Hiperforini huharibika kwa mwanga na hewa. Bidhaa iliyopita kipimo siku ya kutengenezwa inaweza kuwa imebaki na nusu yake rafuni. Kwa jaribio la haraka, maabara huweka bidhaa kwenye nyuzi 40 za Selsiasi na unyevunyevu wa asilimia 75 kwa miezi sita. Kama tarehe ya mwisho kwenye kopo lako haijatokana na vipimo vya namna hii, anza na hiyo.